Kikapu Kimoja Kibaki Nyumbani

Majira ya tomati yakifika katika uwanda wa Ruzizi, macho hushiba kabla ya tumbo. Toka Kamanyola hata Sange, na mbele kuelekea Uvira, vikapu hujaa kando ya njia. Siku za kwanza kila mtu hufurahi. Kisha bei huanguka. Mvua ikiharibu njia ya Ngomo, magari hayapandi tena kwenda Bukavu, na tomati hazingoji mtu. Siku chache tu zikipita hulainika, hutoa maji, na mwisho wake mbuzi ndio wanaozila.

Katika siku hizo hizo za wingi tunaona jambo la kusikitisha hapa hospitalini. Mama mmoja alikuja na kidonda cha mguu kisichopona. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, ambao wengine huuita diabeti, na sukari katika damu yake ilikuwa imepanda sana.

Nikamwuliza, “Mama, jana mlikula nini nyumbani?”

Akajibu, “Munganga, ni bugali tu, na mchuzi kidogo.”

“Na tomati za shamba lenu?”

“Tuliziuza zote, Munganga, kwa bei ya kutupa. Tukanunua unga.”

Hebu fikirini, ndugu zangu. Mama huyu aliuza chakula kilichomfaa, kwa bei isiyomfaa, ili apate kununua zaidi chakula kile kilichompandishia sukari. Wala hakufanya hivyo kwa ujinga. Alifanya kama tunavyofanya sisi sote, kwa maana tumezoea kuwaza kwamba tomati ni kitu cha soko, na bugali ndio chakula.

Kwa hiyo neno langu leo ni moja. Wakati wa mavuno, kabla ya kuuza, kila nyumba yenye mgonjwa wa sukari itenge kikapu kimoja cha tomati kisiende sokoni. Na tomati zile zisiwe za kuteremshia bugali nyingi zaidi, bali zichukue nafasi ya sehemu ya bugali katika sahani.

Nitaeleza sababu. Chakula cha unga, kama mihogo, mahindi, mchele na viazi, kina kitu kiitwacho wanga. Wanga ukiingia tumboni hugeuka kuwa sukari, nayo sukari huingia katika damu. Mtu mzima wa afya huitumia sukari hiyo apate nguvu. Lakini mgonjwa wa sukari mwili wake hauwezi kuitumia vizuri, nayo hubaki katika damu, ikiharibu macho, figo, mishipa na miguu polepole. Sasa pimeni wenyewe. Gramu 100 za unga mkavu wa mihogo zina wanga zaidi ya gramu 80. Gramu 100 za tomati mbichi zina wanga na sukari kama gramu 4 tu, kwa maana karibu yote iliyobaki ni maji. Tomati tatu nzuri zikipikwa hujaza sehemu kubwa ya sahani, wala hazileti sukari nyingi.

Watu wengine husema, “Tomati si chakula, ni mchuzi tu. Mtu asiyekula bugali hajala.” Naheshimu neno hili, kwa sababu nami nimelelewa kwa bugali. Mtu anayelima toka asubuhi anahitaji bugali. Mtoto anayekua anahitaji bugali, na mama mwenye mimba vilevile. Simwambii mtu yeyote kwamba bugali ni dhambi. Nasema tu kwamba mlima wa bugali wenye mchuzi kidogo pembeni si chakula cha mgonjwa wa sukari. Agawe sahani yake hivi: nusu iwe mboga, yaani tomati, lengalenga, kabichi au bilinganya. Robo iwe samaki, mayai, nyama au maharagi. Robo inayobaki ndiyo ya bugali. Bugali haujafukuzwa nyumbani, umepewa kiti chake tu.

Wengine husema, “Sisi ni maskini. Chakula cha wagonjwa wa sukari ni cha matajiri wa mjini.” Ndiyo maana nazungumza juu ya tomati! Wakati zinapooza kando ya njia, hakuna chakula kilicho rahisi kuliko hicho. Sikuambii ununue kitu. Nakuambia usiuze chote.

Basi, mama wa nyumba atauliza, “Nitazipikaje tomati nyingi hivi bila mlima wa bugali?” Sikilizeni njia tatu.

Ya kwanza ni tomati na mayai. Kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta. Tia tomati nne au tano zilizokatwa, ziache zilainike na maji yake yapungue. Kisha vunja mayai mawili juu yake, funika sufuria mpaka mayai yaive vizuri. Hiki ni chakula kizima cha mtu mmoja, na kipande kidogo cha bugali kinatosha.

Ya pili ni tomati na ndagala. Osha ndagala wakavu kwa maji ya moto, maji yale yamwagwe ili kuondoa mchanga na chumvi. Wakaange kidogo, kisha tia tomati nyingi kuliko ulivyozoea, kama beseni dogo kwa watu watano, pamoja na lengalenga. Mchuzi uwe mzito kwa tomati zenyewe. Usitie unga ili kuuongeza.

Ya tatu haihitaji moto. Osha tomati mbichi kwa maji yaliyochemshwa, kata vipande, changanya na avoka, kitunguu na maji ya ndimu. Avoka hushibisha, wala haipandishi sukari kama unga. Chakula hiki kiliwe siku ile ile.

Jueni pia ya kuwa kijiko cha mafuta katika tomati si anasa. Ile rangi nyekundu ya tomati ina vitu vyenye faida, navyo mwili huvipokea vizuri zaidi tomati zikipikwa na mafuta kidogo. Lakini nasema kijiko, sisemi kikombe.

Tomati zikizidi hata kwa kupika, zikaushe. Chagua zilizoiva na kuwa ngumu bado. Osha, kata nusu au vipande vya unene wa kidole, nyunyiza chumvi kidogo sana, panga juu ya mkeka safi ulioinuliwa kutoka chini, upande wa ganda uwe chini. Funika kwa kitambaa chepesi ili inzi wasitue. Usitumie chandarua cha mbu: kimetiwa dawa ya kuua wadudu, nacho ni cha kitanda, si cha chakula. Jioni ziingize nyumbani, asubuhi zitoe tena. Baada ya siku kadhaa za jua kali zitakuwa kama ngozi laini, zisizotoa maji ukizibana. Weka katika chupa kavu yenye kifuniko. Ukiona ukungu, tupa.

Hapa mgonjwa wa sukari asidanganyike. Tomati ikikauka, maji huondoka, lakini sukari yake haiondoki. Tomati kavu ni ndogo na tamu, na mtu anaweza kula za tomati kumi bila kujua. Basi hesabu kama zingali mbichi: vipande vilivyotoka katika tomati mbili ni tomati mbili bado. Viloweke, vitie katika mchuzi, wala usivitafune kama karanga. Tena usipike tomati pamoja na sukari ili kuzihifadhi. Hiyo ni kurudisha mlangoni mwizi uliyemfukuza dirishani.

Tena mchuzi wa tomati uliopikwa usifungwe katika chupa na kuwekwa majuma mengi. Ndani ya chupa iliyofungwa vibaya inaweza kuzaliwa sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua. Mchuzi wa jioni uchemshwe tena vizuri asubuhi, na uishe siku hiyo.

Sasa maneno mawili ya kuonya, nayo ni mazito.

Neno la kwanza: tomati haiponyeshi ugonjwa wa sukari. Zamani, kabla ya insulini kuanza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka wa 1922, waganga walikuwa na njia moja tu kwa watoto waliopatwa na ugonjwa huu kwa ukali, yaani kuwanyima chakula, nao walikufa wamekonda kama vijiti. Chakula chema peke yake hakikuwaokoa. Kwa hiyo usiache dawa zako wala sindano yako kwa sababu umesikia habari za tomati. Chakula na dawa huenda pamoja, kama jembe na mpini.

Neno la pili: ikiwa unapigwa sindano ya insulini, au unameza vidonge vya kushusha sukari, usipunguze bugali ghafula bila kumwambia munganga. Dawa ile ilipimwa kwa chakula ulichozoea. Ukiondoa bugali na dawa ikabaki vilevile, sukari inaweza kushuka mno. Utatetemeka, utatoka jasho, kichwa kitazunguka, hata unaweza kuzimia. Hapo kunywa upesi maji yenye sukari, kisha uje hospitalini. Mtu aliyezimia asitiwe kitu kinywani, bali aletwe mbio. Na mtu mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kabla ya kula tomati nyingi, kwa maana zina chumvi moja iitwayo potasiamu, ambayo figo mbovu hushindwa kuitoa.

Neno langu la mwisho ni kwa jamaa ya mgonjwa. Mara nyingi baba anaketi na wenzake kwenye bakuli kubwa la bugali, naye mama mgonjwa anakula mboga yake peke yake jikoni, kama mtu aliyetengwa. Haidumu hiyo. Baada ya juma moja atarudi kwenye bugali, kwa sababu mtu hapendi kula peke yake. Ninyi akina baba, wekeni sufuria ya tomati katikati, na kila mtu ale kwayo. Yule anayelima aongeze bugali katika sahani yake, yule mgonjwa apunguze katika yake, lakini sufuria iwe moja na meza iwe moja.

Mnakumbuka habari ya wale watu elfu tano walioshiba kando ya bahari ya Galilaya. Bwana aliyeweza kuzidisha mikate hakuacha mabaki yalale majanini. Aliwaagiza wanafunzi wake kuyakusanya, vikajaa vikapu kumi na viwili. Ikiwa yeye hakudharau mabaki, sisi ni nani hata tuache chakula kioze mbele ya mlango, na ndani ya nyumba mna mtu ambaye chakula hicho kingemfaa?

Yule mama alipotoka hospitalini mguu wake ulikuwa umekatwa kidole kimoja. Tulimshukuru Mungu kwamba haukukatwa mguu wote. Mumewe alikuja kumchukua, akasema, “Munganga, mavuno yanayokuja, kikapu cha kwanza hakitoki nyumbani.” Nami nawaomba ninyi mnaosoma, msingoje kidole kikatwe ndipo mseme neno hilo.