Ukuta wa Ereku na mawe ya Thimlich

Mwanafunzi wa Ogwedhi anayesoma Mwanzo sura ya 10 hukutana na Ereku, mojawapo ya miji ya kwanza ya ufalme wa Nimrodi. Ereku ndiyo Uruk ya Wasumeri, kusini mwa Iraki, ambako watu waliandika juu ya vibao vya udongo zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Utenzi wa Gilgamesh, mfalme wa mji huo, unamsifu kwa ukuta wake, uliouzunguka mji kwa karibu kilomita 9.

Uruk iliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2016. Mwaka 2018 ikaingia Thimlich Ohinga, eneo la maboma ya mawe lililo Migori, kaunti ya mwanafunzi huyohuyo.

Kuta za Thimlich zilianza kujengwa karne ya 16 hivi, bila saruji wala udongo wa kushikiza. Mawe yamepangwa yakabanana, na mahali pengine yanapita kimo cha mita 4. Malango ni mafupi kwa makusudi, kwani adui alilazimika kuingia ameinama. Ndani kulikuwa na nyumba, mazizi na mahali pa wahunzi. Tena waliokaa humo kwa karne zilizofuata hawakuwa wa kabila moja. Jambo hilo lingeeleweka upesi Ogwedhi, ambako Mjaluo na Mmaasai ni majirani.

Mawe yana walinzi wake. Masimulizi je?

Karibu na Kendu Bay, Homa Bay, kuna ziwa la magadi liitwalo Simbi Nyaima, yaani Simbi iliyozama. Wanajiolojia husema ni shimo la volkano. Wazee husimulia bibi mmoja mwenye njaa aliyefukuzwa na watu waliokuwa wakinywa pombe na kucheza ngoma, akapokewa na mwanamke mmoja tu. Usiku ule mvua ikanyesha, kijiji kikazama. Ni kosa kuigeuza hadithi hii kuwa kivuli cha Nuhu au Sodoma. Wasumeri nao walikuwa na gharika yao, na msomi George Smith alipoisoma kwa Kiakadi kwenye kibao huko London mwaka 1872, wasomi wa Biblia walishtuka. Iliwafikia kwa sababu mtu aliiandika.

Kwa hiyo kaunti za Migori na Homa Bay ziwarekodi wazee sasa, kwa Kijaluo chao, kila mmoja na namna yake ya kusimulia, bila kusawazisha tofauti zao. Rekodi hizo zifike madarasani. Na basi la shule likitoka Ogwedhi kwenda Thimlich, watoto waingie boma la Kochieng wakiwa wameinama, wamuulize mzee kwa nini lango ni fupi, nani alipanga mawe yale, na kama yule mwanamke wa Simbi aliondoka na mumewe au alimwacha akinywa.