Paa la Mlangoni ni la Mgeni, Si la Picha



Sisi tuliotoka visiwani tukaolewa huku Tarakea, wilayani Rombo, tulikuja na kanga, udi na masufuria. Habari ya paa dogo juu ya mlango wa mbele hakuna aliyetukumbusha. Kwetu Mji Mkongwe, mgeni anayengoja hukaa barazani. Huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mpakani na Kenya, masika huja na upepo, na Juni na Julai ni baridi. Mlango usio na paa humlowesha mgeni kabla hajaitikiwa hodi.

Tulijifunza kwa aibu. Mmoja wetu alikuwa ndani kichwa wazi, mvua inanyesha, mama mkwe akabisha. Mpaka ushungi upatikane na mlango ufunguliwe, mama wa watu amelowa chapachapa. Hakusema neno. Aliukamua mtandio wake pale mlangoni, akaingia. Je, tufungue bila stara ili mgeni asilowe, au mgeni alowe ili sisi tujisitiri? Paa zuri linatuondolea swali hilo.

Wengi wetu huchagua kwa picha za kwenye simu, wakachukua kipaa chenye upana wa mlango tu. Hapo hatukubaliani nao. Sura ya An-Nur imetuamuru tuombe idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za watu. Katika Sunna, mgeni huomba idhini mpaka mara tatu, tena hasimami kuukabili mlango; husimama kulia au kushoto, asije akaona ya ndani. Sasa fikirieni: anayefuata adabu anasimama pembeni, na kipaa chembamba kinamwacha mvuani. Nyumba inamwadhibu mwenye adabu!

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: paa lizidi mlango angalau hatua moja kila upande, na litokeze mbele kiasi cha watu wawili kusimama bila kubanana. Rangi na nakshi zije baadaye.

Kuhusu vifaa, bati kwenye fremu ya mbao au chuma linatosha nyumba nyingi. Kumbukeni geji 28 ni nene kuliko geji 30. Mvua ikipiga bati, hodi haisikiki, basi wekeni kengele. Bati la plastiki huleta mwanga, lakini jua hulifubaza. Zege ni imara ila ni zito. Fundi alifunge pamoja na linta nyumba inapojengwa, si kulibandika ukutani baadaye. Makuti tuyaache pwani. Na maji yapelekwe kwa mfereji kwenye pipa au tangi, yasimwagikie kichwani mwa mgeni wala uani kwa jirani. Kumuudhi jirani ni jambo zito katika dini yetu.

Mtasema fedha haitoshi. Tunajua, harusi ina mambo mengi. Lakini mapambo ya ukumbi ni ya usiku mmoja, na mlango utabishwa hodi miaka yote ya ndoa yenu. Punguzeni maua kidogo, muongeze mabati mawili. Wazazi wakiuliza zawadi gani wawape, msione haya kuwatajia hili.

Wanaosimama mlangoni petu huku ni Waislamu na Wakristo: mwenye mkungu wa ndizi, mtoto aliyetumwa chumvi, mwenye habari ya msiba. Hatujui nani atakuja, wala atakuja wakati wa jua au wa mvua. Tunachoweza ni kumwandalia mahali pakavu pa kusubiri huku sisi tukitafuta ushungi.

Allah azijaalie nyumba zenu baraka, na azifanye milango yake kuwa ya heri kwa kila anayebisha. Amin.