Wazazi wa Msalato wanapima nini?

Kila Jumamosi, mnada wa Msalato unapojaa watu, mifugo na moshi wa nyama, watumishi wa Serikali waliohamia Dodoma tangu mwaka 2016 hukutana huko na wenyeji. Mazungumzo huanzia bei ya mbuzi, yakapita kwenye viwanja, na mara nyingi hayaishi bila kugusa shule: ipi inafaulisha, ipi haifai, nani amefanikiwa kumhamishia mwanawe wapi. Kuulizana huko si kosa. Anayestahili lawama ni mzazi asiyeuliza kabisa. Lakini kipimo kinachotumika katika mazungumzo hayo kina kasoro kubwa, na wanaoumizwa na kasoro hiyo ni watoto wasio na wa kuwasemea.

Msalato yenyewe inatoa mfano. Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Msalato, kama zilivyo Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na zile za Tabora, ni shule ya vipaji maalumu. Wasichana wake huchaguliwa kutoka nchi nzima kwa alama za juu za darasa la saba, hulala bwenini, hula hapo hapo na hujisomea usiku chini ya usimamizi. Sekondari ya kata hupokea watoto wa vijiji na mitaa inayoizunguka, na jioni huwarudisha nyumbani kwenye kuni, ndoo za maji na wadogo wa kulea. Kisha matokeo ya kidato cha nne yakitoka, shule hizo mbili huwekwa sambamba na moja ikaitwa nzuri, nyingine mbaya. Huko ni kumshindanisha mkulima wa Kilombero na mkulima wa Ugogo kwa kuhesabu magunia tu.

Yafaa ikumbukwe sekondari za kata zilitoka wapi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, mtoto aliyemaliza darasa la saba kijijini alikuwa na nafasi finyu mno ya kuendelea. Wananchi walisomba mawe, mchanga na maji, wakafyatua matofali, na kuta zikasimama kabla walimu hawajapatikana. Madhara ya haraka hiyo yalionekana waziwazi: katika matokeo ya awali ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Taifa lilishtuka, tume ikaundwa, alama zikapangwa upya. Mwaka 2014 ukaletwa utaratibu wa GPA, nao haukudumu. Madaraja ya zamani yakarudi. Mzazi anayelinganisha matokeo ya miaka hiyo na ya leo hana budi kujua kwamba hata rula yenyewe ilibadilishwa mara kwa mara.

Mapema mwaka 2023, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Hata hivyo matokeo ya kila shule yanaendelea kutolewa, na wazazi wanajipangia orodha zao wenyewe. Mwalimu Nyerere alikwisha kuonya katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, juu ya kuutukuza mtihani kupita kiasi, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee. Maonyo hayo yanasifiwa sana kwenye hotuba kuliko yanavyofuatwa majumbani.

Liko jambo ambalo orodha hizo hazilionyeshi kabisa, nalo ni tumbo. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili. Shule hufunguliwa Januari, wakati ghala la uwele na mtama linakaribia kuisha na palizi inadai kila mkono. Mtoto wa kidato cha kwanza hutembea asubuhi bila kula, akaketi darasani kusikiliza somo kwa Kiingereza, lugha ambayo miaka saba ya shule ya msingi haikumfundishia. Na kwa wengi hata Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha ya pili baada ya Kigogo. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, ilimwondolea mzazi shilingi 20,000 za ada ya kutwa kwa mwaka. Haikuleta chakula cha mchana kwa mwanafunzi wa kutwa. Hicho kiliachwa mikononi mwa wazazi wakubaliane. Shule ambayo wazazi wamekubaliana kuchangia mahindi na maharage, na ile ambayo kila kikao huvunjika kwa kutegeana, haziwezi kuwa sawa hata zikipewa walimu wale wale.

Mzazi anayetaka kulinganisha kwa haki na aulize maswali mengine. Walioandikishwa kidato cha kwanza walikuwa wangapi, na waliofika kwenye mtihani wa kidato cha nne ni wangapi? Waliotoweka katikati wamekwenda wapi, hasa wasichana? Hisabati ina walimu wangapi kwa mikondo mingapi? Watoto walioingia na alama ya C wametoka na nini? Majibu yapo katika daftari za mahudhurio na kwenye mbao za matangazo, na mtumishi wa Serikali, aliyezoea majedwali na taarifa, ndiye mwenye uwezo mkubwa wa kuyasoma na kuyadai.

Hapo ndipo penye uchungu. Mtumishi huyo ndiye wa kwanza kuondoka. Humtafutia mwanawe uhamisho kwa njia ya kufahamiana, au humpeleka shule ya kulipia, kisha Jumatatu huketi ofisini kuandika waraka unaohusu shule aliyoikimbia. Bodi ya shule hubaki na wazazi wanaoona haya kumuuliza mkuu wa shule hesabu. Na Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025, imeweka elimu ya lazima kuwa miaka 10, minne kati yake ikiwa ya sekondari. Watoto wengi wa Msalato wataitimiza miaka hiyo minne katika sekondari ya kata. Mkutano wa wazazi unapoitishwa huko, viti vya mbele huwa vitupu, na wanaosimama nyuma kwa kukosa mazoea ya kukaa mbele ni wale waliotembea kutoka mashambani.