Sabuni Nzito Sio Sabuni Kali

Wasee, wacha niseme kitu kitakachokasirisha watu wa mtaa wangu. Ile sabuni ya maji tunayosifu ati ni nzito kama uji, mara nyingi uzito wake ni chumvi tu.

Najua kwa sababu nimeitengeneza. Tulikuwa vijana wanne hapa Laini Saba, Kibera, na ndoo moja, mwiko na Ungerol. Ukiichanganya na maji mengi inakuwa nyepesi. Unatia chumvi kidogo, unakoroga, inashika. Tukafurahi, tukaongeza tena. Ikarudi maji! Ndoo nzima. Na wote tulikuwa tumesoma kemia hadi kidato cha nne.

Sababu ni hii. Kila molekuli ya Ungerol ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Ndani ya maji zinajikusanya makundi makundi, mikia ndani, vichwa nje. Vichwa vina chaji hasi, kwa hivyo vinasukumana. Chumvi inapunguza huo msukumano, makundi yanarefuka kama minyoo na kusokotana, sabuni inakuwa nzito. Ukizidisha, mpangilio unavurugika. Lakini nguvu ya kutoa mafuta inatoka kwa Ungerol uliyotia, sio kwa chumvi.

Huko maabara, watafiti wanaunda molekuli za aina hii zinazoweza kufungwa pamoja kama mnyororo, na zinazobadilika tabia ukibadilisha joto, asidi au chumvi. Tunadhani hayo ni ya maprofesa, na ndoo yetu ilikuwa inaitikia chumvi mbele ya macho yetu.

Shida kubwa ni wanaotumia asidi ya salfoniki. Hiyo lazima ipozwe kwa kostiki soda, kwa kipimo. Ikizidi asidi, inachoma. Ikizidi kostiki, inachoma pia. Na anayeungua sio muuzaji. Ni mama fua anayetoka Kawangware asubuhi kwa miguu hadi Lavington, mikono ndani ya maji siku nzima. Shangazi yangu hufanya hiyo kazi. Kuna jioni hawezi kushika ugali moto, vidole vimepasuka.

Kwa hivyo kama unaanza hii biashara, kabla ya kuprinti stika, nunua mizani na karatasi za kupima pH. Nasi wanunuzi tuache kutingisha chupa tukiangalia uzito. Muulize muuzaji swali moja tu: ulipima? Akicheka, rudisha chupa.