Vijana, msiache kanda zenu studio

Kila nikisimulia kisa cha bendi ya Death, yaani Kifo, vijana ninaowafundisha gitaa hunijia juu: huyo David alikuwa mjinga. Sikubaliani nao, ila nawaelewa.

David, Bobby na Dannis Hackney walikuwa ndugu weusi wa Detroit, Marekani. Mwaka 1975, katika mji uliolelewa na muziki wa soul wa Motown, walirekodi nyimbo saba za gitaa kali na ngoma za mbio. Ulikuwa muziki wa panki kabla jina hilo halijavuma. Bosi wa rekodi Clive Davis aliupenda, akaweka sharti moja: badilisheni jina, nani atanunua santuri ya Kifo? David, aliyelichagua baada ya baba yao kufa ajalini, akakataa. Dili likavunjika.

Mwaka 1976 wakatoa wenyewe santuri ya nyimbo mbili, nakala 500. Redio hazikuijali. Wakahamia Vermont, wakapiga roki ya injili. David akarejea Detroit. Wadogo zake wakaanzisha bendi ya rege. Saratani ya mapafu ilimuua David mwaka 2000, umaarufu hajauonja.

Lakini alishamkabidhi Bobby kanda za studio na kumsihi azitunze, kwani ipo siku dunia itaziulizia. Zikakaa darini. Baadaye wakusanyaji wa santuri wakaanza kuisaka ile ya 1976, intaneti ikaisambaza, na wana wa Bobby wakashtuka kusikia sauti ya baba yao. Mwaka 2009 kampuni ya Drag City ya Chicago ikazitoa nyimbo zote saba. Bobby na Dannis wakaifufua bendi, gitaa la marehemu akalishika Bobbie Duncan.

Wengi husifu msimamo wa David. Mimi nasifu dari la Bobby. Bila zile kanda, msimamo ule ungebaki hadithi ya kifamilia.

Nimepiga besi kwenye hoteli za pwani miaka mingi. Tulirekodi pia, ila kanda alibaki nazo mwenye studio, alipofunga, zikapotea. Leo mjukuu akiniuliza tulipiga nini, namwimbia kwa mdomo.

Kwa hiyo kijana, usitoke studio bila faili zako, za kila chombo na kila sauti. Weka nakala mbili, nyumba mbili tofauti, uandike nani kapiga nini. Jina la bendi mnaweza kujadiliana na bosi. Kanda usimwachie mtu.