Kiatu Huchaguliwa kwa Mguu, Si kwa Macho

Ndugu zangu wa Handeni na Korogwe, sisi ni watu wa kutembea. Mkata mkonge wa Ngombezi huwahi shambani kabla jua halijapanda. Mkulima wa mpunga wa Mombo hushinda matopeni. Mama wa Handeni, ambako maji yamekuwa shida ya miaka na miaka, huenda na ndoo tupu na kurudi nayo kichwani imejaa. Mtoto wa Kwamsisi au Magoma hukata mbuga kwenda shule. Kazi zote hizo hubebwa na miguu. Lakini siku ya gulio, tukifika kwenye turubai la viatu, tunauliza mambo mawili tu: bei gani, na je, kinapendeza? Mguu wenyewe hauulizwi.

Kosa hili linatugharimu. Kila mguu una mifupa 26 iliyoshikanishwa kwa kano, na upande wa ndani wa wayo kuna tao linaloshuka kidogo na kuinuka kila tunapokanyaga, ili kuupokea uzito wa mwili. Kiatu chembamba mbele huvibana vidole mpaka kidole gumba kikaanza kuwalalia wenzake. Mchuchumio wa harusini husukumia uzito mbele, juu ya vidole. Kiatu kinachopwaya nacho huchubua kisigino. Leo malengelenge, kesho sugu, keshokutwa mtu anachechemea, magoti na kiuno vinamuuma, naye anasingizia uzee. Bandu bandu huisha gogo.

Wako watakaosema kwamba wazee wetu walitembea peku na walikuwa imara. Ni kweli walikuwa imara, lakini funza waliwatoboa, na safura iliwanyonya damu. Maana minyoo ya safura hupenya ngozi ya mguu unaokanyaga udongo uliochafuliwa kwa kinyesi. Wengine watamtaja Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 bila viatu. Mfano mzuri, ila tuumalizie. Bikila alikimbia peku kwa sababu viatu alivyopata havikumkaa sawasawa. Mwaka 1964, mjini Tokyo, alivaa viatu, akashinda tena kwa saa 2 na dakika 12, muda ambao hakuna aliyewahi kuufikia kabla yake. Kwa hiyo kiatu kisichomkaa mtu ni mzigo, na kinachomkaa ni msaada.

Wengine watasema viatu bora ni vya wenye fedha. Nakataa. Tazameni fundi wa katambuga: anakusimamisha juu ya boksi, anachora mguu wako, anakata soli ya tairi kwa upana wako wewe, na mwiba wa mgunga hauipenyi. Kasoro yake ni ugumu na misumari. Basi pitisha kidole ndani, udai kila kichwa cha msumari kizamishwe, kisha umwombe akubandikie kipande cha raba laini juu ya soli.

Ukinunua mtumba, uweke mezani uutazame kwa nyuma. Kama umelika upande mmoja ukainama, uache, kwa kuwa umekwisha kufuata mwendo wa aliyeuvaa kwanza. Shika ncha na kisigino, ukunje: kiatu chema hupinda pale vidole vinapoanzia, na kinachokunjika katikati hakitaushika wayo. Nenda alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa kutembea. Vaa vyote viwili, maana miguu ya mtu mara nyingi hailingani, nawe ufuate ule mkubwa. Ukisimama, kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Muuzaji akikuambia kitatanuka chenyewe, usimsikilize. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na atakayelala katika kitanda hiki ni wewe.

Mzazi asiyeweza kwenda na mtoto gulioni achore nyayo zake zote mbili akiwa amesimama, akate boksi kwa kufuata mchoro, aende nalo. Tuache desturi ya kumnunulia viatu vikubwa ili avivae miaka miwili. Mtoto huviburuta, hujikwaa, na viatu hufa kabla mguu haujavijaza. Malapa nayo yana mahali pake, bafuni na uani. Dereva wa bodaboda anayekwenda Segera mpaka Mkata akiwa na malapa ameviacha vidole vyake wazi kwa lami na kwa bomba la moshi lenye moto.

Mwenye kisukari namsihi zaidi. Ugonjwa huu huweza kuua hisia za miguu. Msumari hupenya soli na mtu asiwe na habari, kidonda kikaoza, na mwisho ukawa kukatwa mguu. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam amefanya kazi miaka mingi kuwafundisha wauguzi na madaktari wa mikoani kuikagua miguu mapema, kabla ya kufika huko. Wewe nawe jikague: kung'uta kiatu na uingize mkono ndani kabla ya kukivaa, tazama nyayo kila usiku, usitembee peku hata chumbani, na kiatu kipya ukivae kwa saa moja au mbili kwanza.

Waajiri wa mashamba, buti mnazotoa ziwe za namba ya kila mfanyakazi, zisiwe za namba iliyobaki stoo. Walimu, mnapokagua rangi ya kiatu, kagueni pia kama kimemchubua mtoto. Nasi wakuu wa nyumba, tukipanga fedha za mavuno, za viatu zitangulie za simu mpya. Anayelima, anayechota maji na anayesoma ndio wanaoiendesha nyumba. Kuwapa kiatu kinachowakaa ni haki yao, na ni wajibu wetu kuanzia gulio lijalo.