Pembetatu Kiwanjani, Mtoni na Juu ya Paa

Wanafunzi wa sekondari mjini Juba, kama wenzao wa Kampala na Nairobi, hufika mahali katika somo la hisabati ambapo subira huwaishia. Mahali hapo huitwa trigonometria, yaani elimu ya vipimo vya pembetatu. Hukariri sini, kosini na tanjenti kama mtu akaririye maneno ya lugha asiyoijua, na mtihani ukipita huyasahau. Wazazi nao, wakiulizwa elimu hiyo ina kazi gani duniani, mara nyingi hukosa jibu. Jibu limo uani mwao, na kwa baadhi yao limo katika ugomvi wao na jirani.

Mji wa Juba umepanuka kwa haraka tangu mapatano ya amani ya mwaka 2005, na zaidi baada ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011. Viwanja vimepimwa, vimegawiwa na kuuzwa, na mashtaka ya mipaka ni jambo ambalo polisi wa mji huo wanalifahamu vyema. Na ichukuliwe kiwanja chenye upana wa mita 20 na urefu wa mita 30. Mwenyewe ananyosha ukuta wa ubavuni kwa kukadiria kwa macho tu, na kona ya mbele, badala ya kuwa na nyuzi 90, inakuwa na nyuzi 95. Nyuzi 5 ni kitu kidogo, na mtu asimamaye barabarani hawezi kuziona kwa urahisi. Lakini tanjenti ya nyuzi 5 ni 0.0875. Hesabu hiyo ikizidishwa kwa mita 30, ukuta ufikapo nyuma umekwisha kuingia kwa jirani kwa mita 2 na sentimita 60 na zaidi. Kipande kilichomegwa kina umbo la pembetatu, na eneo lake ni mita za mraba 39. Hicho ni chumba kikubwa kuliko cha mita 6 kwa 6! Hapana aliyekusudia kuiba, ila watoto wa nyumba mbili wamekwisha kukatazwa kucheza pamoja.

Mafundi waashi wenye uzoefu huliepa balaa hili kwa kamba. Hupima mita 3 upande mmoja wa kona na mita 4 upande wa pili, kisha huhakikisha kwamba umbali kutoka ncha hadi ncha ni mita 5 kamili. Ikiwa ni hivyo, kona ni ya nyuzi 90. Kwa kiwanja kizima ni afadhali kutumia mita 6, 8 na 10, kwa kuwa kosa la kidole kimoja kwenye kamba fupi hukua kadiri ukuta unavyokwenda mbali. Mwisho hupimwa kutoka kona hadi kona ya mkabala. Katika kiwanja cha mita 20 kwa 30, vipimo vyote viwili vya mshazari havina budi kuwa mita 36 na sentimita 6. Kimoja kikizidi kingine, vigingi ving'olewe kabla ya msingi kuchimbwa. Kazi hiyo huchukua nusu saa, na kesi ya ardhi huchukua miaka.

Maana ya maneno yenyewe si ngumu. Katika pembetatu yenye kona moja ya nyuzi 90, tanjenti ya pembe ni upande ulioikabili pembe hiyo ukigawanywa kwa upande ulio karibu nayo. Sini ni upande ulioikabili ukigawanywa kwa ule mrefu kuliko yote, na kosini ni ule wa karibu ukigawanywa kwa huo huo mrefu. Neno sini limesafiri mbali: Wahindi wa kale walitumia neno lenye maana ya uzi wa upinde, Waarabu wakalichukua kwa sauti yake, nao wafasiri wa Kilatini wakalisoma kama neno la Kiarabu lenye maana ya mfuko wa nguo au kifua, wakalifasiri hivyo. Kwa hiyo jina ambalo dunia nzima inalitumia leo limetokana na kosa la tafsiri.

Mwembe mkubwa ulioegemea nyumba ni hatari ya namna nyingine. Kabla ya kuuangusha ni lazima kujua utaanguka hadi wapi. Karatasi ya mraba ikikunjwa kutoka kona hadi kona hutoa pembe ya nyuzi 45. Mpimaji huishika wima jichoni, ukingo wa chini ukiwa sawa na ardhi, kisha hurudi nyuma polepole hadi aone ncha ya mti kwa kufuata mkunjo. Hapo umbali wake hadi shinani ni sawa na kimo cha mti juu ya jicho lake, kwa sababu tanjenti ya nyuzi 45 ni 1. Ikiwa amerudi nyuma mita 14, na jicho lake liko mita 1 na nusu juu ya ardhi, mti una mita 15 na nusu. Nyumba iliyo mita 12 kutoka shinani haiwezi kuitwa salama, na mti wa namna hiyo hukatwa matawi kwanza, kisha huteremshwa vipande vipande kwa kamba.

Askari aliyepata mafunzo ya kusoma ramani hutumia ujuzi huo huo ukingoni mwa mto. Huchagua mti ulio ng'ambo, mkabala naye kabisa, kisha hutembea kando ya maji katika mstari ulionyoka hadi auone mti huo kwa nyuzi 45. Hatua alizotembea ndizo upana wa mto. Akikosa nafasi ya kutembea mbali, humtosha kutembea mita 100 na kusoma pembe kwa dira: ikiwa ni nyuzi 70, basi upana ni mita 275, bila ya yeye kulowa hata kidole. Na askari asiye na dira hukumbuka kwamba kidole kimoja, mkono ukiwa umenyooshwa, huziba nyuzi 2 hivi. Lori la urefu wa mita 7 lililosimama ubavu na kuzibwa barabara na kidole hicho liko umbali wa mita 200.

Mto wenyewe una hesabu yake. Ikiwa mkondo wa Nile Nyeupe unakwenda mita 1 kwa sekunde, na mashua inakwenda mita 2 kwa sekunde, nahodha akielekeza omo moja kwa moja ng'ambo atatua mbali kule chini alikotupwa na maji. Akitaka kutua mkabala na alikotoka, aelekeze omo juu ya mkondo kwa nyuzi 30, kwa kuwa sini ya nyuzi 30 ni nusu. Lakini mwendo wake wa kuvuka hupungua kutoka mita 2 hadi mita 1.73, na kwa mto wa mita 300 atachelewa kwa sekunde 23 hivi. Wavuvi hawaiandiki hesabu hiyo. Mikono yao inaijua. Wengine sasa huvuka kwa Daraja la Uhuru lenye urefu wa mita 560, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa tarehe 19 Mei 2022.

Juba iko karibu nyuzi 5 kaskazini mwa Ikweta, na jambo hilo humhusu kila mama anayelalamika kwamba chumba kina joto. Mwishoni mwa Desemba, saa sita mchana, jua liko upande wa kusini, nyuzi 62 juu ya upeo wa macho, na fimbo ya mita 1 hutupa kivuli cha sentimita 54. Basi dirisha la kusini, ambalo kizingiti chake cha chini kiko mita 1 na nusu chini ya ukingo wa paa, huhitaji upenu wa sentimita 80 ili jua la mchana lisiingie ndani. Mwezi Juni jua huhamia kaskazini, na huko hutosha sentimita 50. Mashariki na magharibi upenu haufui dafu, maana jua la nyuzi 30 lingetaka upenu wa mita 2 na nusu na zaidi. Kwa sababu hiyo, mjenzi mwenye busara huelekeza kuta ndefu zenye madirisha kaskazini na kusini.

Anayekwenda soko la Konyo Konyo kununua mabati naye apige hesabu kabla ya kufungua mfuko. Nyumba ya upana wa mita 6, paa lake likiwa na mwinamo wa nyuzi 15 na upenu wa sentimita 80, huhitaji bati la mita 3 na sentimita 93 kila upande. Mwenye kununua ya mita 3, akidhani nusu ya nyumba ni mita 3, atarudi sokoni. Paa la nyasi hutaka mwinamo mkali zaidi, nyuzi 45 hivi, ili maji yateremke upesi. Sahani ya umeme wa jua hutaka nyuzi 10 kuelekea kusini, kiasi cha mvua kuosha vumbi: sahani ya mita 1.65 huinuliwa nyuma kwa sentimita 29.

Simu nyingi za mkononi zina kikokotoo chenye sini, kosini na tanjenti. Kabla ya kukiamini, mtumiaji atafute sini ya 30. Jibu likiwa 0.5, kikokotoo kinapima kwa nyuzi. Likiwa -0.988, kinapima kwa kipimo kingine kiitwacho radiani, nacho kigeuzwe kwanza ndipo mabati yanunuliwe.